UZI MAALUMU: Kufufua ukoka uliochoka, kuanzia chini ya udongo (Dar, Pwani, na wa nyanda za juu karibuni)

FundiUkoka
Wakuu, salaam. Vuli inakaribia, na kila ikikaribia watu wananunua viroba vya majani mapya wanayachomeka juu ya udongo uleule ulioua yale ya zamani. Miezi sita baadaye bustani imerudi palepale, imebaki ndago na vumbi. Tuweke hapa utaratibu mzima, kwa vipimo, ili mtu asitupe hela mara mbili.

Kabla ya kununua chochote, pima mambo matatu.

La kwanza ni ugumu. Chukua bisibisi ndefu, mwagilia jioni, kesho asubuhi ichome ardhini kwa mkono. Ikizama sentimita 12 hadi 15 bila kutumia nguvu nyingi, mizizi inapita. Ikigota sm 5 au 8, pana udongo ulioshindiliwa au pana kifusi. Choma sehemu kumi tofauti, si moja.

La pili, chimba shimo la sm 30 kwa 30, kina sm 30, uangalie ukuta wake. Nyumba nyingi za Dar utakuta sm 5 za udongo mwekundu, halafu vipande vya tofali, zege, mifuko ya saruji, kokoto. Fundi alimaliza nyumba akasambaza kifusi, juu akamwaga udongo wa kupendezesha macho. Majani hayo yanaishi kama yamepandwa kwenye sahani: jua la Januari likipiga siku tatu, yamekwisha.

La tatu ni maji kupita. Jaza shimo hilohilo maji, yaache yaishe, jaza tena, kisha pima kwa rula. Maji yashuke angalau sm 2.5 kwa saa. Yakikaa kama bwawa, mbolea haitakusaidia kitu, mizizi inakosa hewa.

Mama_Kitalu
Asante Fundi. Mimi nianze na aina, kwa sababu watu huita majani yoyote ya bustani "ukoka", kisha wanatumia ushauri wa jani moja kwa jani lingine.

Ukoka wenyewe (Cynodon dactylon) una shina linalotambaa juu na jingine chini ya udongo. Unataka jua la saa 6 hadi 8 na unavumilia ukame na kukanyagwa. Kivulini unakonda na kupotea.

Pasipalamu ya pwani ina jani laini linalong'aa, na ndiyo inayoongoza kwa kuvumilia chumvi. Mwenye kisima cha maji ya magadi Mbezi, Kunduchi au Kigamboni aanzie hapo.

Nyasi za Pemba zina jani pana na shina nene. Zinatambaa juu ya ardhi tu, hazina shina la chini. Zinastahimili kivuli kuliko hizo nyingine. Ukizikwangua hadi udongoni umeziua, kwa sababu hazina akiba ya kuchipua kutoka chini.

Kikuyu ni ya nyanda za juu: Arusha ya juu, Lushoto, Njombe, Limuru. Kwao ni kwenye baridi, mita 1,500 hivi na kuendelea. Kuileta Dar ni kuitesa.

Mbezi_Juu
Fundi, vipimo vyangu hivi hapa. Eneo ni mita 12 kwa 10. Bisibisi inagota sm 8, chini yake ni kifusi hadi sm 20, halafu mchanga mzuri. Maji ya kisima, kipimo cha TDS (chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) kinasoma miligramu 2,400 kwa lita. Ndago zimeshika zaidi ya nusu. Jani lililobaki ni ukoka. Nirekebishe au niue vyote nianze upya?

FundiUkoka
Mkuu, anza upya. Magugu yakizidi nusu ya eneo, kurekebisha kunakula muda na dawa kuliko kupanda upya. Na kwako pana kifusi, ambacho hakirekebishwi kutokea juu.

Sasa hapa wengi wanakosea. Wanafyeka kwanza ndipo wapulize dawa. Glaifoseti, dawa inayoua majani na magugu yote, inaingia kwa jani na kusafiri hadi mizizini, jani lisipokuwepo haina mlango. Mwagilia siku 10 ili kila kitu kichipue, acha yafike sm 10 hadi 15, ndipo upulize. Piga asubuhi isiyo na upepo, na mvua isinyeshe kwa saa 6. Kwa mita 120 za mraba unahitaji lita 5 za mchanganyiko, siyo pampu nzima. Kwa dawa ya gramu 360 kwa lita, weka mililita 60. Linganisha na lebo ya chupa uliyonunua, kwa sababu nguvu zinatofautiana. Vaa glavu, buti na barakoa, na watoto na mbwa wasikanyage hadi pakauke kabisa.

Usichimbe kwa siku 7 hadi 10. Kisha mwagilia tena, subiri kitakachochipua hadi wiki ya tatu au ya nne, piga mara ya pili. Awamu hii ya pili ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama utakuwa na ndago mwakani.

Bwana_Shamba_Kibaha
Naongezea mawili kwenye dawa.

Maji ya kisima chenye TDS 2,400 kwa kawaida yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Madini hayo yanaikamata glaifoseti kabla haijafika kwenye jani. Kwa lita 5, yeyusha kwanza gramu 100 za mbolea ya SA (salfeti ya amonia), chuja kwa kitambaa zisizibe nozeli, ndipo utie dawa. Au tumia maji ya mvua. Na maji yenye tope usiyaguse, dawa hii inagandamana na chembe za udongo na kuisha nguvu.

La pili ni ndago. Chini ya kila shina pana vitunguu vidogo vilivyounganishwa kama shanga kwenye uzi. Ukilima kwa jembe unakata uzi, na kila shanga iliyokuwa imelala inaamka peke yake. Ndiyo maana palimo la ndago huzaa ndago zaidi. Dawa inafika kwenye vitunguu vilivyounganika na jani bichi tu, hivyo rudia.

Kwa mwenye ndago chache ndani ya ukoka mzuri, asitumie glaifoseti. Ipo halosalfuroni, inaua ndago na kuacha ukoka. Kipimo chake ni kidogo mno: ile ya asilimia 75 ni chini kidogo ya gramu moja kwa mita 100 za mraba, pamoja na kigandishi (kinachosaidia dawa ishike kwenye jani). Pima kwa mizani ya sonara, siyo kwa kijiko. Usikate majani siku 2 kabla na siku 2 baada. Ndago zinaanza kugeuka njano taratibu, wiki ya pili au ya tatu, usiongeze dozi kwa kukosa subira. Rudia baada ya wiki 6.

Mbezi_Juu
Nimekuelewa. Sasa ile sm 8 ya juu niihifadhi niirudishe baada ya kutoa kifusi?

Mama_Kitalu
Usiihifadhi kaka. Vitunguu vya ndago vingi vinakaa kwenye sm 15 za juu, kwa hiyo hiyo sm 8 ni ghala la ndago. Toa yote pamoja na kifusi hadi sm 20. Hesabu yake ni mita za ujazo 24 zinatoka (120 × 0.2), na 24 zinarudi: 18 za udongo wa kichanga tifutifu na 6 za samadi iliyooza kabisa au mboji. Agiza asilimia 15 zaidi, udongo unashuka ukishakaa.

Udongo wa kununua ndio unaoleta ndago mpya. Kabla lori halijamwaga, chukua ndoo mbili za udongo huo wiki mbili mapema, ziweke juani, mwagilia kila siku. Ikichipua ndago hata moja, tafuta machimbo mengine. Samadi vilevile: ikiwa bado inanuka au ina joto ukiingiza mkono, haijaiva. Ya kuku iliyo mbichi inaunguza na ina chumvi, na wewe chumvi unayo tayari kwenye maji.

Changanya samadi ndani ya sm 15 za juu. Usiiache kama tabaka peke yake, maji hugota pale udongo wa aina moja unapokutana na mwingine ghafla.

FundiUkoka
Na kabla ya kurudisha udongo, vunja sakafu ya shimo kwa sururu au jembe uma sm 10 chini. Gurudumu la toroli na miguu ya vibarua vitakuwa vimeishindilia.

Kusawazisha: maji yakimbie nyumba, mteremko wa sm 1 hadi 2 kwa kila mita. Tumia kamba na mpira wa levo wa fundi ujenzi. Udongo uishie sm 15 chini ya sakafu ya nyumba, usifunike ule ukanda wa kuzuia unyevu ukutani. Kandokando ya pevingi uishie sm 2 chini, majani yakijaa yatakuwa sawa nayo na mashine itapita juu bila kukwama.

Mwagilia, kanyaga kwa visigino eneo lote, jaza palipobonyea, vuta ubao mrefu. Rudia. Halafu ACHA wiki mbili ukimwagilia kidogo. Kitakachoota ni magugu, yapige dawa yakiwa madogo. Wiki mbili hizi ni nafuu kuliko mwaka mzima wa kung'oa.

Mama_Kitalu
Kupanda. Siku ya kupanda tawanya mbolea ya kupandia, DAP, gramu 20 kwa mita ya mraba (kwako kilo 2.4), ichanganye sm 5 za juu kwa reki.

Vipando viwe na vifundo 3 hadi 4. Chora mistari kila sm 15, laza kipando, fukia theluthi mbili, ncha yenye majani ibaki nje. Bana kwa mguu. Mita moja ya mraba ya mkeka uliochambuliwa inatosha mita 10 hivi za shamba, kwa hiyo kwako mita 12 za mkeka. Ukitaka kufunika haraka, tumia 20.

Kinachoua vipando vingi ni kiroba. Majani yakifungiwa kwenye kiroba juani yanapata joto lake yenyewe na kuiva ndani. Ingiza mkono: kukiwa na moto na harufu ya uchachu, yarudishe. Yapandwe siku ileile, yakiwa chini ya gunia bichi kivulini.

Maji: siku 14 za kwanza udongo wa juu usikauke, kidogo kidogo mara 2 au 3 kwa siku. Wiki ya tatu na ya nne mara moja kwa siku. Baada ya hapo punguza, maji yawe mengi lakini siku chache, ili mizizi iyafuate chini.

Kisima_Kirefu
Nizungumzie hiyo TDS 2,400. Gawa kwa 640, unapata kama 3.75 kwa kipimo cha desisimensi kwa mita, ndicho kinachotumika kupima chumvi kwenye maji ya kumwagilia. Juu ya 3 mimea mingi ya kawaida inaumia. Ukoka unaweza kuhimili, ila utakonda, pasipalamu itakaa vizuri zaidi. Mkuu Mbezi_Juu, kwa kuwa unaanza upya, panda pasipalamu.

Dalili za chumvi ni ncha za majani kukauka kama zimechomwa, na ukungu mweupe kwenye udongo uliokauka. Kosa la kawaida, majani yakishashika, ni kumwagilia kidogo kila siku. Maji yanakauka, chumvi inabaki palepale juu. Chumvi haiondolewi kwa dawa, inasukumwa chini kwa maji. Mahitaji ya kiangazi Dar ni kama mm 25 kwa wiki, yaani lita 25 kwa mita ya mraba. Kwako lita 3,000, ongeza asilimia 20 ya kusukuma chumvi, jumla lita 3,600. Igawe mara mbili kwa wiki. Pima mpira wako: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika moja, kila awamu ni dakika 90 kwa eneo zima. Panga makopo matupu sita sehemu mbalimbali uone kama maji yanafika sawa. Na masika usifunge bustani kwa maturubai au mazulia ya sherehe, ile mvua ndiyo inayoosha udongo bure.

Udongo ukiwa wa mfinyanzi na umeganda kwa sodiamu, jasi inasaidia: gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba, kisha maji mengi. Inachimbwa kwetu, Makanya kule Same. Kwenye mchanga usihangaike nayo sana.

Blade_Kali
Mmeongea udongo na maji vizuri, lakini bustani nyingi ninazoziona zimeuawa na kukata. Kata usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukitaka ukoka ubaki sm 3, ukate ukifika sm 4.5. Pasipalamu sm 3 hadi 4. Pemba sm 5 hadi 7, usishuke. Wakati wa mvua hiyo ni kila siku 5 hadi 7, kiangazi hata wiki mbili.

Kinachotokea ni hiki: mwenye nyumba anamwita kijana mara moja kwa mwezi, majani yamefika sm 15, anaambiwa "shusha kabisa ili yakae muda". Jani lote la kijani linaondoka, panabaki vijiti vya kahawia. Mmea unatumia akiba ya mizizi kuchipua, mizizi inafupika, jua linaingia hadi udongoni na mbegu za magugu zinaamka. Halafu analaumiwa muuza majani. Yakishapita urefu, yashushe kwa awamu tatu, siku 4 au 5 kati yake.

Kisu kinolewe kila baada ya saa 8 hadi 10 za kazi. Angalia ncha siku inayofuata: zikiwa zimekatika safi, sawa. Zikiwa na nyuzi nyeupe zilizochanika, kisu ni butu, na bustani nzima itaonekana ya kijivu. Fyekeo linafaa kwa kichaka. Kwa uwanja linaacha mabonde kwa sababu mkono unapita kama duara.

Mabaki mafupi yaache palepale, yanarudisha nitrojeni. Yakiwa marefu na kukaa marundo, yaondoe.

Limuru_Kijani
Salamu kutoka Kenya. Kwetu Kikuyu haifi kwa kiu, inajizonga yenyewe. Ukitembea inabonyea kama godoro. Kata kipande uone: ile safu ya kahawia kati ya jani na udongo ikizidi sm 1.5, maji na mbolea haviingii. Mvua ndefu zikianza, mwezi wa tatu au wa nne, shusha mashine kwa awamu hadi karibu na udongo, vuta kwa reki ya chuma pande mbili, ondoa takataka zote, toboa kwa jembe uma kila sm 10, kina sm 8 hadi 10. Weka CAN (mbolea ya kukuzia yenye nitrojeni) gramu 20 kwa mita ya mraba, mwagilia. Itaonekana imekufa wiki mbili, kisha inarudi ikiwa safi. Ina mashina ya chini, ndiyo maana inavumilia. Usifanye hivyo kiangazi.

Kwa udongo mweusi unaopasuka, usitoboe ukiwa mbichi, unaufinyanga. Subiri uwe na unyevu wa kiasi, usishike kwenye chuma.

Nyani_Mzee
Wakuu, mbolea gani sasa? Wengine urea, wengine SA.

Bwana_Shamba_Kibaha
Hesabu nitrojeni, siyo jina la mfuko. Kwenye mchanga wa Pwani weka gramu 3 za nitrojeni kwa mita ya mraba kila mwezi wakati wa ukuaji, kwa sababu ukiweka nyingi kwa pamoja mvua inazisomba. Kwa mita 120: urea gramu 780, au CAN kilo 1.4, au SA kilo 1.7. Gawa mafungu mawili, moja tembea ukielekea kaskazini-kusini, jingine mashariki-magharibi, usipate michirizi.

Urea inapotea hewani ikiachwa juu ya udongo wa joto wenye asili ya chokaa, na udongo wa matumbawe ndivyo ulivyo. Kwa hiyo Pwani napendelea SA, inapunguza pia huo uchokaa. Yoyote uitumiayo, jani liwe kavu wakati wa kutawanya, kisha mwagilia mara moja. Punje ikibaki kwenye umande, inaunguza.

Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, hiyo siyo njaa ya nitrojeni. Ni chuma, chokaa imekifunga. Yeyusha salfeti ya chuma gramu 60 hadi 100 kwenye lita 15, puliza mita 100 za mraba jioni. Itafifia baada ya wiki chache, utarudia. Isiguse pevingi wala ukuta, doa lake la kutu halitoki.

Nyani_Mzee
Sawa mkuu. Na madoa yanayokauka ghafla wakati maji yapo?

FundiUkoka
Vuta jani pembezoni mwa doa. Likiinuka kama mkeka bila mizizi, ni funza weupe, mabuu ya mbawakawa. Hesabu kwenye sm 30 kwa 30: wakizidi watano hadi kumi, tibu kwa imidaklopridi (dawa ya wadudu) na uimwagilie iingie. Kunguru wakishinda wanachimbua sehemu moja, usiwafukuze tu, angalia wanachokula.

Majani yakiwa yametafunwa na doa linatembea siku hadi siku, ni viwavijeshi. Mimina lita 5 za maji yenye mililita 30 za sabuni ya maji kwenye mita moja ya mraba, ndani ya dakika 10 watapanda juu. Piga dawa jioni, ndipo wanapokula.

Vijia vya udongo mkavu juu ya majani ni mchwa. Hawa wanafuata zaidi mabaki makavu kiangazi. Ondoa ile safu ya kahawia, mwagilia vizuri, kisha ndipo ufikirie kichuguu.

Mviringo wa kahawia wakati wa masika, ukingo umelowa asubuhi, ni ukungu. Acha kumwagilia jioni, hamia alfajiri, simamisha nitrojeni. Doa dogo limekufa katikati na pete ya kijani iliyoshamiri pembeni ni mkojo wa mbwa: maji mengi siku hiyohiyo.

Mbezi_Juu
Swali langu la mwisho. Kona moja ina mwembe, kama mita 4 kwa 4. Pasipalamu itashika hapo?

Mama_Kitalu
Hesabu saa za jua kaka, kuanzia asubuhi hadi jioni, siku isiyo na mawingu. Zikifika 4 au 5, weka Pemba hapo, ikatwe sm 7, na nitrojeni nusu ya kwingine. Punguza matawi ya chini ya mwembe hadi mita 3 ili jua la asubuhi liingie. Bwana shamba akipiga 2,4-D kwa magugu ya majani mapana, asiguse kona hiyo, Pemba inaumia nayo. Wala asipige karibu na mpapai au nyanya hata upepo ukiwa mdogo.

Zikiwa chini ya 4, usipande jani lolote. Usichimbe pia, mizizi ya mwembe iko juujuu. Tandaza kokoto au maganda ya miti sm 5, acha nafasi ya sm 15 kuzunguka shina, na pale mpaka wa kokoto na pasipalamu laza tofali moja moja kwa ulalo ili mashine ipite juu yake.